Eti "nipe hiyo Red Bull uone"

Jumapili nilikuwa kibandani hapa Ndeeba, Kampala, naangalia mbio za Formula 1, rolex ya chapati na mayai mkononi, jamaa mmoja dereva wa teksi akatoa ile ile: "Huyu Max ni gari tu. Nipe mimi hiyo Red Bull uone." Anamsema Max Verstappen, dereva wa timu ya Red Bull, kwamba anashinda kwa sababu ya gari. Kibanda kizima kikaitikia. Mimi nafunga shokapu za magari ya rali mwaka wa kumi na mbili sasa na hayo maneno yameniota sugu masikioni, kwa hiyo leo naandika, siku nyingine akisema mtu namtumia linki naendelea kula.

Gari ni kitu kikubwa, hapo sibishi. Dereva Jenson Button 2008 na timu ya Honda alimaliza msimu na pointi 3. Mwaka uliofuata timu ile ile ikaitwa Brawn, ikaja na difyuza ya ghorofa mbili, kile kipande cha chini nyuma kinachoivuta gari ishike barabara, akashinda mbio 6 kati ya 7 za kwanza na ubingwa akabeba. Ni gari ile, basi, tusonge.

Sasa njooni 2023. Red Bull walichukua mbio 21 kati ya 22 na watu wote wanaishia hapo, "si umeona, gari!" Lakini hizo gari zilikuwa mbili. Max mbio 19, mwenzake Perez 2. Pointi 575 kwa 285. Na msinianzie kwamba Perez ni garasa, mbio nne za kwanza walikuwa mbili kwa mbili, mbio za Jeddah zake, za Baku zake, halafu kuanzia mbio za Miami Max akashinda 10 mfululizo. Gari ile ile banange!

Au siyo ile ile? Hapa ndipo mnaponiudhi, mnasema "gari nzuri" kama vile mnasema ugali umeiva. Nzuri kwa nani? Ile gari katikati ya msimu inabadilishwa sakafu, inabadilishwa mabawa, na kila kipande kipya kinahamisha pale inaposhika barabara. Max anapenda pua kali, akigusa usukani mbele iingie kwenye kona hapo hapo, nyuma ikilegea ataikamata mwenyewe. Mpe mwingine gari hiyo hiyo, nyuma ikicheza kidogo anaacha kuiamini, akiacha kuiamini anakanyaga breki mapema, akikanyaga mapema tairi hazipati joto, tairi zikipoa gari inateleza zaidi, naye anazidi kuiogopa, na kompyuta zote za timu yake zinaonyesha gari haina shida. Sasa Perez alikimbiwa na gari au alikimbiwa na kichwa chake? Mimi mwenyewe jibu langu linategemea nimeamkaje siku hiyo.

Nina wateja wawili, mmoja mzee, mmoja kijana ana mguu mzito balaa, wote Subaru. Mzee akitoka kujaribu anashuka taratibu, anavua glavu, ananiambia, "Fundi, kona za kushoto nikiachia breki, nyuma inachelewa kukaa." Najua pa kugusa, kliki mbili tu kwenye shokapu za nyuma, kwisha. Kijana nikimuuliza anasema "iko sawa" au "haiko sawa". Siku moja nikamdanganya nimemrekebishia gari kumbe nilikuwa chini yake nasoma meseji, akazunguka akarudi anacheka, "Sasa umeiweza fundi!" Nitamtengenezea nini mtu huyo?

Huko kuisikia gari kama yule mzee ndiko mimi ninakokuita kukomaa kwa dereva, siyo mvi. Max aliingia Formula 1 mwaka 2015 ana miaka 17, kasi alikuja nayo kutoka nyumbani. Lakini Monaco 2018 aligonga ukuta kwenye mazoezi ya mwisho, gari haikutengenezeka kwa wakati ikakosa mchujo wa kupanga nafasi, akaanza wa mwisho, akamaliza wa 9. Mwenzake Ricciardo, timu hiyo hiyo, akaanza wa kwanza, na mbio hazijafika nusu mota ya umeme inayosaidia injini ikafa, nguvu ikapungua vibaya, gia zingine hazitumiki. Akatulia. Akalinda breki, akamfungia Vettel wa Ferrari njia mpaka mwisho, akashinda. Hiyo siku gari iliyoharibika ilishinda, na nzima iliyokuwa na kasi ilikuwa imeshajiharibia ukutani tangu Jumamosi. Max wa 2023 ni huyo huyo, ila ukuta ulishamfundisha.

Ukiniuliza asilimia, gari ngapi dereva ngapi, sikupi. Wanaotoa hizo asilimia sijawahi kuwaona na grisi mikononi.

Kijana wangu anarudi Jumamosi. Safari hii nimemchorea karatasi ya mistari mitano aandike kona kwa kona, tuone kama ataniandikia "iko sawa" mara tano.