Nta kwenye mboga: yanayosemwa Bukavu na ukweli wake

Dhana: mboga inayong'aa imepakwa sumu.

Mboga nyingi huota na nta yao wenyewe. Chukua kabichi iliyoshuka leo kutoka Kabare, udondoshee maji jani la nje. Tone litaviringika lianguke. Pitisha kidole, ule weupe utafutika na kijani kitatokea. Kuosha na kusugua huondoa nta hiyo, ndiyo maana wasafirishaji wa mbali huipaka mboga nta nyingine: nta ya nyuki, ya majani ya karnauba, mti wa jamii ya mitende wa Brazili, au shelaki inayotoka kwa wadudu. Ulaya zinaruhusiwa kwenye chakula kwa namba E901, E903 na E904. Utando wake ni mwembamba mno, na tumbo haliusagi, hupita tu. Mama akiniuliza aogope nini kwenye nyanya, namwambia aulize ilipuliziwa dawa lini shambani. Hilo ndilo swali lenye uzito.

Dhana: nta huzuia kuoza.

Inachozuia hasa ni maji kutoka. Mboga iliyovunwa bado inapumua na kukauka, na nta hupunguza kasi hiyo. Kwenye nyanya, maji mengi hutokea pale kikonyo kilipong'oka, kwa kuwa ngozi yake haina vitundu vya hewa. Lakini nyanya iliyopondeka kwenye makona ya barabara ya Ngomo, ikipanda kutoka tambarare ya Ruzizi, itaoza tu, hata uipake vipi. Na nta ikiwa nzito, mboga hukosa hewa, huchacha ndani na kutoa ladha ya pombe.

Dhana: buji (mshumaa) la dukani likiyeyushwa linatosha kupaka mboga.

Halifai. Mshumaa wa kuwashia haukusafishwa kwa ajili ya chakula, na mara nyingi una rangi au manukato.

Dhana: mboga zote zinapakwa.

Sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha) hazipakwi. Majani yanataka kivuli, maji ya kunyunyizia na kuvunwa alfajiri. Kinachofaa kupakwa ni tango, biringanya, pilipili hoho, na zaidi ya yote muhogo.

Muhogo ndio unaoniuma. Ukishang'olewa, ndani ya siku mbili au tatu mistari ya bluu-nyeusi huanza kutokea kwenye nyama yake, hata kama ganda linaonekana zima. Hewa huingia kupitia majeraha ya kuvuna na kuamsha uharibifu huo, kwa hiyo mfanyabiashara wa soko la Kadutu huuza kwa bei yoyote kabla jua halijazama. Kosta Rika hutumbukiza mizizi iliyosafishwa na kukauka katika nta ya parafini iliyoyeyushwa, ya moto sana, kwa sekunde moja hivi, kisha huisafirisha hadi Ulaya na Marekani. Hukaa mwezi na zaidi. Ganda hutupwa pamoja na nta yake.

Kwa mkulima wetu, chombo cha parafini ya moto kiasi hicho ni gharama, na ni hatari ya kuungua. Kuna njia isiyodai pesa: kata mashina wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna, uache mizizi ardhini. Ikitoka, hukawia kuweka ile mistari. Ukiipanga kwenye sanduku la vumbi la mbao lenye unyevu kidogo, huongeza siku nyingine, mradi uchague ile isiyo na jeraha.