Mtoto mwenye kifaa cha koklea asiposikia kwenye kelele, tuanze na kelele

Tarehe 3 Machi ni Siku ya Usikivu Duniani, na hapa Kigoma huangukia katikati ya mvua. Ni msimu huohuo ambao kitengo chetu cha masikio, pua na koo hupokea malalamiko mengi kutoka kwa wazazi na walimu wa watoto waliopandikizwa kifaa cha usikivu kwenye koklea, yaani sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti. Malalamiko karibu yote yanafanana: nyumbani anaitika vizuri, shuleni hasikii, basi kifaa kitakuwa kimeharibika. Tunakipima, kinafanya kazi. Mzazi anatutazama kana kwamba kuna jambo tunamficha.

Hakuna tunachoficha. Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ianze kufanya upasuaji huu mwaka 2017, na baadaye Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma, familia za mikoa ya huku hazilazimiki tena kungoja safari ya India. Watoto wamepandikizwa, wamejifunza kusema, wameingia shule za msingi za kawaida. Shule hizo ndizo zenye paa la bati lisilo na dari, sakafu ya saruji na madawati yanayoburutwa.

Koklea ya mtu anayesikia ina seli za ndani zenye vinyweleo zipatazo 3,500 zinazopeleka sauti kwenye mshipa wa fahamu. Kifaa kilichopandikizwa kinafanya kazi hiyo kwa elektrodi, yaani ncha ndogo za umeme, 12 hadi 22, kutegemea aina yake. Mahali palipotulia zinatosha kabisa. Penye kelele, sauti ya mwalimu na ya mvua zinapitia elektrodi zilezile, na ubongo wa mtoto unabaki na kazi ngumu ya kuzitenganisha.

Mtoto mmoja wa darasa la pili aliletwa kwetu na daftari lake la imla. Mwalimu alisoma "shika", mtoto akaandika "pika". Alisoma "kata", akaandika "pata". Amefika ikawa amepika. Pembeni paliandikwa kwa kalamu nyekundu: hasikilizi. Lakini ukilitazama daftari lile kwa makini, irabu zote ziko sahihi. Irabu zina nguvu, hupenya kelele. Konsonanti kama s, f, sh, t na k ni dhaifu, huzama kwanza. Mtoto yule alikuwa anasikiliza kuliko mwanafunzi mwingine yeyote darasani, maana kila neno alikuwa analikamilisha kwa kukisia. Nawaomba walimu waache kuandika "hasikilizi" kwenye daftari la mtoto wa aina hii. Inaumiza, na si kweli.

Sasa umbali. Mtu akiongea kawaida, sauti yake ikipimwa mita moja kutoka alipo ni kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli zipatazo 6. Mtoto aliye mita nne anapata desibeli 48 hivi. Kuta tupu huirudisha sehemu ya sauti hiyo, lakini ikirudi inakuwa mwangwi unaofunika silabi inayofuata. Darasa lenye watoto wanaonong'ona na kusogeza madawati hufika desibeli 60 bila shida. Mtoto mwenye upungufu wa usikivu anahitaji sauti ya mwalimu iwe juu ya kelele kwa desibeli 15. Hapo iko chini.

Kupaza sauti hakutatui jambo hili. Tumelisema mara nyingi na tutaendelea kulisema. Ukipiga kelele unazikuza irabu, ambazo mtoto alikuwa anazisikia tangu mwanzo, na unaupotosha mdomo ambao alikuwa anausoma. Sogea. Mguse bega au muite jina, ngoja akutazame, ndipo useme kwa sauti ya kawaida, polepole kidogo, ukipumzika mwisho wa kila fungu la maneno. Asipoelewa, usirudie sentensi ileile mara tatu, iseme kwa maneno mengine. Usisimame dirishani na mwanga ukiwa mgongoni mwako, uso wako utakuwa kivuli.

Kuna wazazi wanaoongeza sauti kwenye kifaa cha nje, ile sehemu inayovaliwa na kuvuliwa, wakifika sokoni Mwanga. Ukiongeza sauti, unaongeza na ya spika ya muuza nyimbo na ya bodaboda. Wengine wanakivua kabisa "ili mtoto apumzike", halafu wanamshika mkono hadi nyumbani akiwa hasikii chochote. Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto aliyepandikizwa upande mmoja ana shida nyingine pia: hajui sauti inatoka wapi. Honi ataisikia, lakini atageuka upande usio wake. Njiani tembea upande wenye kifaa, na barabara ya Lumumba asiivuke peke yake kwa kutegemea masikio.

Kwa Kibirizi na fukwe nyingine za ziwa, kifaa cha nje kinavuliwa kabla ya kuingia majini, isipokuwa kama kina kasha lake maalumu la maji. Akishakivua ni kiziwi kamili. Kabla hajaingia, kubalianeni ishara za rudi, ngoja na hatari. Nasikia bado kuna wazazi wanaoogopa kwamba ishara zitamfanya mtoto aache kusema. Kwenye injini za mitumbwi hata wavuvi wenye masikio mazima huonyeshana kwa mikono. Mtoto atumie kila njia inayomfikishia ujumbe.

Kukaa dawati la mbele ni vizuri, lakini shule nyingi zinaishia hapo. Dawati la mbele lililo chini ya dirisha la barabarani ni baya kuliko la pili lililo mbali na dirisha. Tena mwenzake akijibu kutoka nyuma, mtoto wa mbele hasikii jibu wala haoni mdomo, kwa hiyo mwalimu alirudie jibu hilo yeye mwenyewe. Chini ya miguu ya madawati gongeni vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Wekeni mkeka, tundikeni mapazia mazito. Trei za mayai ukutani hazifanyi kazi mnayodhani, na zinashika moto haraka, tafadhali ziondoeni. Mvua kubwa ikipiga bati, hakuna mtoto atakayeelewa, mwenye kifaa na asiye nacho: andika ubaoni, acha maelezo ya mdomo hadi ipungue. Dawa ya kudumu ni dari, na kamati za shule ziiweke kwenye mpango wa ukarabati.

Ipo pia maikrofoni ya mwalimu, inayotuma sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto. Huondoa tatizo la umbali kuliko njia nyingine yoyote. Inavaliwa kifuani, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, bila kusuguana na mtandio au kamba ya kitambulisho. Wanafunzi wakijadiliana, ipokezwe mkononi. Mwalimu akitoka nje aizime, vinginevyo mtoto ataendelea kusikia mazungumzo ya ofisini huku somo likiendelea mbele yake. Si kila kifaa kinaungana na kila maikrofoni. Ulizeni hospitali iliyompandikiza kabla ya kununua.

Nyumbani, mazoezi ni muhimu kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Kila asubuhi, simama mita moja nyuma yake, tamka a, i, u, m, sh, s, moja moja, naye arudie. Akikosa sauti aliyokuwa akiipata jana, angalia betri, waya na unyevu kwenye kifaa kabla ya kuwaza mengine. Akizoea kuelewa hadithi penye utulivu, mwongezee kelele kidogo kidogo: kwanza feni, kisha muziki usio na maneno kwa sauti ya chini, mwisho redio ya watu wanaozungumza, ambayo ndiyo ngumu zaidi. Dakika kumi zinatosha. Kusikiliza kwenye kelele kunachosha, na mtoto anayerudi shuleni amenuna huenda amechoka tu. Mpe nusu saa ya utulivu.

Kuhusu kelele za nje ya shule, kama baa au spika za matangazo, utaratibu upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina kanuni zake za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Mwalimu mkuu aandike barua kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na afisa mazingira wa halmashauri. Barua itaje chanzo cha kelele, tarehe na saa. Lalamiko lisilo na tarehe linachelewa. Lisiposhughulikiwa, lipelekwe NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ofisi ya kanda. Mkosaji anaweza kuzuiwa kuendelea, kutozwa faini au kufikishwa mahakamani.

Ikiwa yote hayo yamefanyika na mtoto bado haelewi, hapo ndipo kifaa kinahitaji kuangaliwa upya, pengine kuwekewa kwa kompyuta programu ya kusaidia kusikia penye kelele. Anza hospitali ya wilaya upate barua ya rufaa. Usisafiri kwenda hospitali iliyompandikiza bila barua, utarudishwa. Chukua kadi ya kifaa yenye namba zake, kadi ya bima, vifaa vyote vya nje pamoja na chaja, na daftari ambalo wewe na mwalimu mmeandika kwa wiki mbili: mahali, kelele gani, nani alikuwa anazungumza, umbali gani, mtoto alielewa nini. Daftari la imla lije pia.