Hulka ya mtoto mchanga na jicho la mzazi

"Huyu hana neno, ukimlaza analala." "Huyu mlizi, hashikiki." Maneno haya husemwa mtoto hata hajafikisha miezi mitatu. Kinachoelezwa hapo ni hulka, yaani namna ya kuyapokea mambo ambayo mtoto huja nayo: anavyoshtuka, anavyolia, anavyonyamaza akibembelezwa, anavyokubali sura ngeni. Tabia hujengeka baadaye kwa malezi.

Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa akili wa New York, walianza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto tangu uchanga, kwa kuwahoji zaidi wazazi. Asilimia 40 hivi waliwaona wepesi kulea, 10 wagumu, 15 wazito kuzoea mambo mapya. Waliobaki, zaidi ya theluthi, hawakuingia kundi lolote, na hao husahaulika sana watu wanapokazana kutafuta mtoto wao yuko kundi gani.

Lakini anayeieleza hulka hiyo ni mzazi, naye ana jicho lake. Baba na mama wakiulizwa kila mmoja kivyake, majibu yao hulingana kiasi tu. Anayeamshwa saa nane za usiku na anayemkuta mtoto ameshaoga na kushiba wanamjua mtoto mmoja kwa saa tofauti. Mama mwenye sonona baada ya kujifungua naye huelekea kumwona mwanawe mgumu zaidi. Tusimwambie kwamba anazua: kilio kisichokoma nacho huvunja moyo, kwa hiyo uchovu na ugumu huchocheana.

Ndiyo maana dodoso la mwanasaikolojia Mary Rothbart la mwaka 1981 halimuulizi mzazi kama mtoto ni msumbufu. Linauliza zaidi mambo ya wiki iliyopita: alipooshwa uso, alilia mara ngapi? Swali la namna hiyo hata mimi naliona la haki, maana humrudisha mzazi kwenye alichokiona.

Kwa watoto wengi kilio huzidi hadi karibu wiki ya 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Jina la "mlizi" halipungui hivyo. Aliyempa hukidaka kila kilio kipya, ikampita asubuhi nzima ambayo mtoto alilala chali, kimya, akivichunguza vidole vyake.