Kabla ya kujenga zizi kwenye ploti yako Nakuru

Swali ninaloletewa sana ofisini ni hili: "Robo ekari, naruhusiwa kufuga ng'ombe wangapi?" Mimi huomba kwanza nionyeshwe hati ya ardhi. Idadi huja baadaye.

Ploti nyingi za mitaa ya zamani kama Milimani zilitolewa kwa mkataba wa ukodishaji, na mkataba huo una masharti. Likiwemo la kwamba ardhi ni ya makazi tu, basi banda la kuku mia tatu wa mayai ya kuuza linakiuka mkataba hata jirani asiponung'unika. Kiamunyi na Lanet mambo ni tofauti kidogo: huko mashamba yalikatwa vipande, na wengi wana milki huru, yaani ardhi ni yao bila kikomo cha muda. Sasa hapo ndipo watu hujiachia mapema. Milki huru haikutoi chini ya mpango wa kaunti, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka uombe kibali kabla ya kugeuza makazi kuwa biashara ya mifugo. Kuku wachache wa mboga ya nyumbani, sijaona wakimpeleka mtu popote.

Kwa kweli, kesi nyingi ninazoziona huanzia puani. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inalitaja zizi la ng'ombe waziwazi miongoni mwa vitu vinavyoweza kuwa kero, kulingana na lilivyojengwa, lilipo na linavyotunzwa. Kwa hiyo nikifika kukagua naangalia sakafu kabla ya mnyama. Imeinamia wapi? Majuzi nilikuta saruji safi kabisa, fundi kaipa mwinamo mzuri, ila unaelekea ukutani kwa jirani. Mvua za Aprili zikianza, mkojo na samadi vingepita chini ya ua moja kwa moja hadi kwenye kisima chake. Ng'ombe alikuwa mmoja tu!

Ukiletewa notisi, soma imetoka wapi. Ya afya ya umma, rekebisha kilichotajwa ndani ya muda uliopewa. Ya utekelezaji, yaani amri ya kurekebisha au kusimamisha ulichofanya kinyume cha mipango, kutoka idara ya mipango, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya masuala ya mipango ya ardhi. Wengi huitia karatasi kwenye droo na kuanza kutafuta "mtu wa kuongea naye", na siku zenyewe zinahesabiwa tangu ulipokabidhiwa.