Mae Hong Son jioni: upishi wa mbali na bahari

Wengi wanaopanda milima ya kaskazini mwa Thailand huishia mji mdogo wa Pai. Wanakula chapati ya ndizi iliyomwagiwa maziwa ya kopo, wananunua fulana, wanarudi Chiang Mai. Mimi huwashauri waendelee na barabara ileile ya 1095 mpaka Mae Hong Son, makao makuu ya mkoa, karibu na mpaka wa Myanmar. Njia ni kona tupu. Anayeshikwa na kichefuchefu ameze dawa kabla gari halijaondoka, maana likishaanza kupanda hakuna dawa itakayokaa tumboni.

Kazi yangu ni vyakula vya kuchachushwa, kuvipika na kuvifundisha, kwa hiyo soko la jioni la mji huu nalitazama kwa upendeleo wangu. Wageni hulisifia ziwa. Ni kweli, vibanda hupangwa kandokando ya ziwa dogo la Chong Kham, na mahekalu mawili ya Kibudha yaliyojengwa kwa mtindo wa Kiburma, Wat Chong Kham na Wat Chong Klang, huwashwa taa mpaka yakaonekana majini. Piga picha yako, kisha geuka uangalie masufuria.

Upishi wa Kithai unaojulikana duniani umesimama juu ya mchuzi wa samaki (maji ya chumvi ya samaki waliochachushwa), kamba waliosagwa na chumvi, na tui la nazi. Hivyo ni vitu vya pwani na nyanda za chini. Wenyeji wengi wa mji huu ni Washan, ambao Wathai huwaita Tai Yai, na ndugu zao walio wengi zaidi wako ng'ambo ya mpaka. Zamani mabonde haya yalifikiwa kwa miguu, kwa nyumbu na kwa tembo. Hakuna aliyebeba mtungi wa mchuzi wa samaki kuvuka milima yote hiyo kama alikuwa na njia nyingine ya kukoleza chakula. Njia hiyo ilikuwa soya.

Kiungo chenyewe huitwa thua nao. Soya huchemshwa mpaka zilainike kabisa, zikachujwa maji, zikavundikwa siku mbili tatu kwenye kapu lililotandikwa majani. Hazitiwi hamira wala chumvi. Wanaofanya kazi ni bakteria wa jamii ya Bacillus subtilis, walewale wanaotengeneza natto, soya za kuchachushwa za Japani, na dawadawa, kiungo cha Afrika Magharibi. Soya zikianza kunata na kutoa harufu kali hupondwa zikawa kinyunya, hutandazwa visahani vyembamba na kuanikwa juani. Kisahani kikikauka hukaa miezi. Siku ya kupika unakibanika juu ya makaa mpaka kinukie kama karanga, unakitwanga, unakitia kwenye mchuzi. Harufu yake ikiwa mbichi ni ya kumfukuza mgeni sebuleni, lakini moto huibadilisha kabisa.

Shida ni kwamba jioni thua nao huioni. Visahani huuzwa soko la asubuhi, vimepangwa kama chapati, vinanunuliwa na wapishi. Saa moja ya usiku vimeshapotelea ndani ya vyakula. Ndiyo maana nasema anayetaka kulielewa soko la jioni aanzie lile la asubuhi, alfajiri, mji ukiwa bado umefunikwa na ukungu. Atanusa kiungo kikiwa peke yake, na jioni atakitambua kila kibanda.

Anza na khang pong. Ni bajia za papai bichi lililokatwa nyuzinyuzi, zikachanganywa na vitunguu vidogo, mchaichai, manjano na thua nao, kisha zikakaangwa kwenye mafuta mengi. Kula zikiwa za moto, kwa sababu papai hutoa maji na baada ya robo saa zimelegea. Mimi huchagua kibanda ambacho karai lake linafanya kazi, hata kama foleni ni ndefu, na kile chenye rundo lililokwisha kaangwa nakipita.

Karibu na hapo kutakuwa na sufuria la uji mzito wa manjano. Hiyo ni tofu ya Kishan, na haina soya hata chembe: ni unga wa dengu au wa njegere uliokorogwa motoni. Ikiwa bado laini humiminwa juu ya tambi za mchele, ikapambwa kwa kitunguu saumu cha kukaanga, pilipili na mbegu za ufuta. Ikipoa huganda, ikakatwa vipande na kukaangwa. Usiku wa Desemba, baridi inaposhuka bondeni, naichukua ya uji. Khao som, wali uliofinyangwa na nyanya na manjano, ni mzuri pia, lakini mara nyingi umekaa sana.

Kwa Waislamu: nguruwe ameenea, yumo kwenye soseji za mchaichai ziitwazo sai ua, na kuna wali uliochanganywa na damu na kufungwa kwenye majani ya mgomba ambao kwa macho hutaujua. Neno la nguruwe ni mu. Tafuta alama ya halali kibandani. Ukitaka khao soi, supu ya tambi, bila wasiwasi, mji una Waislamu na una msikiti; ulizia mkahawa wao.

Matunda yana historia nyingine. Serikali ilipiga marufuku afyuni mwaka 1958, lakini wakulima wa milimani hawakuwa na zao la kushika nafasi yake. Mwaka 1969 Mfalme Bhumibol alianzisha Mradi wa Kifalme uliopeleka mazao ya nchi za baridi. Stroberi na parachichi zinazouzwa hapa msimu wa baridi ni za njia hiyo. Ndiyo sababu muuza parachichi atakueleza namna ya kulila, kana kwamba hujawahi kuliona.

Vitambaa ni vingi. Tafuta blauzi za Wakaren, watu wa milimani, zilizotiwa nakshi kwa mbegu nyeupe ngumu za nyasi. Vingine vingi utavikuta Chiang Mai.

Njoo kati ya Novemba na mwishoni mwa Januari, soko linapojaa. Kuanzia Februari hivi mashamba na misitu huchomwa na moshi hulala bondeni mpaka Aprili. Macho huwasha, na pua haifai kwa kazi ya kunusa vyakula.

Tumbo liachie nafasi kwa alawa na peng mong, keki za Kishan za unga, sukari na tui. Hapo ndipo nazi ya nyanda za chini imepanda mlima, kwa lori. Hupikwa kama mkate wa kumimina wa kwetu, makaa chini na makaa juu, mpaka tui la juu liwe na madoa ya kahawia. Omba kipande cha pembeni, kilichoshika moto zaidi. Muuzaji akikuonyesha sinia tupu, muulize kama asubuhi atakuwa sokoni, kwa kuwa baadhi yao huuza pande zote mbili.