Dokta, lile faili la Word umeliweka wapi?

Wiki haipiti bila mhadhiri kuja maktaba na flashi. "Dada, nimeambiwa makala zangu ziingie kwenye hazina ya kidijitali ya chuo. Zote zimo humu." Naichomeka, nafungua folda, nakuta PDF kumi na kitu. Kila moja ina nembo ya jarida, safu mbili, namba za kurasa, na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, hakimiliki ya mchapishaji. Zinapendeza. Nyingi siwezi kuzipandisha.

"Si nimeandika mimi?" Umeandika wewe, Dokta. Ila makala ilipokubaliwa ulitumiwa fomu, na kwa furaha ya siku ile ukabofya "nakubali" bila kuisoma. Pale ndipo ulipomkabidhi mchapishaji haki. Kurasa zilizopangwa vizuri ni zake, hata kama jasho ni lako.

Anachoruhusu mara nyingi ni mswada uliokubaliwa, yaani maneno yaleyale baada ya wahakiki kusema yao nawe kurekebisha, kabla jarida halijayapanga. Mara nyingi ni faili la Word lenye nafasi kubwa kati ya mistari, halina nembo wala mvuto. Na ndilo watu wanalolitupa.

Juzi nilikaa karibu saa nzima na mhadhiri mmoja tukilisaka. Kwenye laptopu yake kulikuwa na "makala_mwisho", "makala_mwisho_kabisa" na "makala_mwisho_kabisa2". Hilo la tatu lilikuwa bado na wino mwekundu wa mwandishi mwenzake, na pembeni maoni: "hii asilimia umeitoa wapi?" Tukaacha laptopu, tukaingia kwenye mfumo wa jarida alikotumia makala. Bahati nzuri nywila aliikumbuka. Marekebisho ya pili yalikuwa bado yamo. Tukayaweka sambamba na PDF iliyochapishwa: jedwali la pili lilikuwa na ile safu ya ziada aliyoidai mhakiki, na hitimisho lilikuwa lilelile neno kwa neno. Ndilo lenyewe.

Kabla ya kulipandisha nikaangalia sera ya jarida kwenye Sherpa Romeo, huduma ya Jisc, shirika la Uingereza, ambayo siku hizi inaitwa Open Policy Finder. Unaandika jina la jarida au ISSN, yaani namba yake ya utambulisho, nayo inakuonyesha toleo lipi linaruhusiwa, liwekwe wapi na baada ya muda gani. Wapo wachapishaji wasio na zuio kabisa, yaani muda wa kusubiri kabla faili halijafunguliwa kwa wasomaji, wapo wa miezi 12, wapo wa 24. Zuio lisikuogopeshe. Programu ya kuendeshea hazina iitwayo DSpace, iliyotolewa na MIT na Hewlett-Packard mwaka 2002 na inayotumika katika vyuo vyetu vingi, Sokoine na Nairobi vikiwemo, inaniruhusu kuandika tarehe ya kufungua. Kichwa na ikisiri vinaonekana leo, faili linabaki limefungwa, na siku ikifika linafunguka lenyewe hata kama mimi niko likizo.

Wengine hunijibu: "Mbona nimeshaweka ResearchGate?" ResearchGate, ule mtandao wa kijamii wa watafiti, ni kampuni ya biashara. Mwaka 2017 wachapishaji wawili, Elsevier na Chama cha Kemia cha Marekani, waliishtaki kampuni hiyo huko Ujerumani kwa sababu ya PDF za namna hiyohiyo, na makala nyingi zikaondolewa. Walipatana mwaka 2023. Ukitaka kujitangaza huko, jitangaze, ila weka kiungo cha hazina ya chuo.

Kinachoniudhi ni kwamba ukisema ufikiaji huria, yaani makala kusomwa na yeyote bila malipo, watu wanasikia ada ya kuchapisha, ambayo katika baadhi ya majarida inavuka dola 2,000. Lakini wanafizikia walianza kuwekeana miswada yao bure mwaka 1991, mwenzao Paul Ginsparg alipoanzisha hazina ya mtandaoni ya arXiv akiwa maabara ya Los Alamos, Marekani. Na tamko la Budapest la mwaka 2002 kuhusu ufikiaji huria lilipotaja njia mbili za kuufikia, ya kwanza kutajwa ilikuwa hii ya mwandishi kujiwekea makala yake kwenye hazina. Haikudai senti.

Basi siku barua pepe ya kukubaliwa ikiingia, kabla hujaituma kwenye grupu la WhatsApp la idara, hifadhi lile faili. Futa maoni ya pembeni, majedwali na picha ziwe ndani yake, kisha nitumie. Tafadhali usilichapishe ukaliskani: kurasa zinageuka picha, na msomaji akitafuta neno lililomo humo hapati kitu. Makala ikishatoka niletee DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, na tarehe, kwa maana zuio kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ya kuchapishwa. Flashi baki nayo, ya mwisho iliniletea virusi.