Maana ya dhamana pale ganda la kompyuta mpakato linapopasuka

Kwa mtu anayeishi Uganda, neno dhamana huleta kwanza picha ya kituo cha polisi au mahakama: ndugu au jirani anasimama mbele ya ofisa, anatia saini, na aliyekuwa ameshikiliwa anatoka nje kwa sababu mwingine amebeba jukumu juu yake. Neno hilohilo tunalitumia kwa karatasi inayokuja na kompyuta mpakato mpya, ingawa madukani Kampala utalisikia zaidi kama waranti, na maana yake haijatoka mbali na ile ya mahakamani. Mtengenezaji anajiweka kuwa mdhamini wa kazi yake mwenyewe. Anasema kwamba mashine hii imeundwa sawasawa, na endapo itadhihirika ndani ya muda uliotajwa, ambao kwa laptopu nyingi za kawaida ni mwaka 1 na kwa baadhi ya zile za ofisini ni miaka 3, kwamba haikuundwa sawasawa, basi gharama ya kuirekebisha ni yake.

Mdhamini huyo hajasema lolote kuhusu mwenendo wa mnunuzi. Hajaahidi kwamba mashine itasalimika ikianguka kutoka kwenye bodaboda, wala kwamba skrini itastahimili kubanwa chini ya gunia la mihogo ndani ya teksi ya kwenda Masaka. Kwa hiyo dhamana haiulizi tu kama kitu kimeharibika. Inauliza uharibifu huo ulianzia wapi, kiwandani au mikononi mwa mtumiaji. Katika maelezo ya watengenezaji sehemu ya kwanza huitwa kasoro ya malighafi au ya uundaji, na ya pili huitwa uharibifu uliosababishwa na mtumiaji. Karibu ugomvi wote juu ya plastiki iliyopasuka unahusu ufa uanguke upande upi wa mpaka huo.

Plastiki ina bahati mbaya katika jambo hili. Saketi ikifa yenyewe ndani ya mashine isiyo na alama yoyote, fundi wa kituo cha huduma huanza kwa kumshuku mtengenezaji. Ufa unaoonekana kwa macho humfanya aanze kwa kumshuku mwenye mashine, kwa kuwa mazoea yamemfundisha kwamba vitu hupasuka vinapoangushwa. Mwenye mashine asiyejua namna ganda linavyofanya kazi hubaki akiapa tu kwamba hakuiangusha, na kiapo hakimsaidii.

Mpwa wangu, ambaye yuko chuoni, aliniletea laptopu yake ikiwa na miezi 8 tangu inunuliwe. "Mjomba, mimi sijaiangusha hata siku moja," ndilo neno lake la kwanza, hata kabla ya kuketi. Niliiweka mezani na kuinua kifuniko polepole. Upande wa kulia uliinuka kimya. Upande wa kushoto ulitoa mlio mdogo mkavu, kisha kona ya ganda la chini, pale bawaba inapoingia, ikaachana na sehemu iliyobaki na kufungua mwanya wa kuingiza ukucha. Nilipomulika kwa tochi ya simu niliona kipande cha chuma cha bawaba kikiwa kimening'inia na skrubu zake zote mbili, na kwenye ncha ya kila skrubu palikuwa na nati ndogo ya shaba, yenye meno pembeni, na katikati ya meno hayo vipande vya plastiki nyeusi vilikuwa vimeng'ang'ania bado.

Nati hizo ndizo zilizobeba kisa chote. Katika laptopu nyingi za bei ya chini, bawaba ya chuma haifungwi kwenye chuma kingine. Hufungwa kwa skrubu zinazoingia kwenye nati za shaba, nazo nati zimezamishwa kwa joto ndani ya vinguzo vidogo vya plastiki vilivyo sehemu ya ganda lenyewe. Bawaba lazima iwe na ukinzani, la sivyo skrini ingeanguka nyuma kila unapoiachia. Ukinzani huo, kila unapofungua na kufunga, huishia kwenye vile vinguzo. Bawaba ikiwa ngumu kupita kiasi tangu kiwandani, au ikikauka mafuta na kuingiwa na vumbi, au vinguzo vikiwa vyembamba, plastiki hulegea kidogo kidogo mpaka siku moja nati inang'oka na kipande chake, na kuanzia hapo bawaba inageuka kuwa mtaimbo unaobandua ganda kutoka ndani. Hakuna anguko lililohitajika. Kijana alikuwa akifungua kompyuta yake kama kila mtu anavyofungua.

Kituo cha huduma tulichokwenda kilijibu kwa mstari mmoja kwamba ni uharibifu wa mtumiaji, nje ya dhamana. Sikubishana pale kaunta. Niliomba kitu kimoja tu: nioneshwe mahali mashine ilipogongwa. Anguko huacha saini yake, yaani kona iliyosagika au kubonyea, mchubuko kwenye rangi, na mistari ya ufa inayotawanyika kutoka kwenye alama moja kama miale. Kona za laptopu ile zilikuwa safi zote nne. Tuliandika barua fupi, tukaambatisha picha za kona hizo na picha ya karibu ya nati zilizong'oka, tukaomba jibu kwa maandishi lenye kutaja sababu, na mara ya pili kazi ikapokelewa. Sidai kwamba kila mara itakuwa hivyo, lakini nimeshawishika kwamba picha ya nati yenye vipande vya plastiki hubeba uzito kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Nyufa za namna nyingine nazo zina usomaji wake. Ufa mwembamba kwenye ukingo wa pale kiganja kinapolala, ukiwa sambamba na kitu kilicho kwenye kifuniko kinachogusa mahali hapohapo, ni alama ya muundo. Mfano unaojulikana sana ni MacBook nyeupe za plastiki ya polikaboneti zilizoanza kuuzwa mwaka 2006: vizuizi vidogo vya kwenye kifuniko viligandamiza ukingo wa ganda la juu kila kifuniko kilipofungwa, ukingo ukavunjika vipande vyembamba, na Apple ikawa inabadilisha ganda hilo bila malipo, hata kwa baadhi ya mashine zilizokwishapita muda wa dhamana. Wenye mashine walisikilizwa kwa sababu ufa ulitokea mahali palepale kwa watu wasiofahamiana. Ukikuta kwamba wengine wenye modeli yako wana ufa uleule, kusanya picha zao. Ni ushahidi wa kweli.

Aina nyingine ni ganda linalofunguka katikati, kipanya cha kugusa kikainuka au ganda la chini likatanuka hadi laptopu ikayumba juu ya meza. Hapo sababu mara nyingi ni betri iliyovimba, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini zaidi ya popote: usiibonyeze irudi, usiendelee kuichaji, usiitoboe, na usiiache juu ya godoro. Izime na uipeleke. Ikiwa ndani ya muda wa dhamana, ganda lililopasuliwa na betri linapaswa kutazamwa pamoja na betri, kwa kuwa la pili ndilo lililozaa la kwanza.

Ziko pia nyufa ambazo kwa haki ni zetu. Ganda la chini lililopasuka katikati baada ya laptopu kusafiri ndani ya mkoba pamoja na chaja yake nzito, mkoba ukiwa umebanwa kati ya abiria wawili wa bodaboda, ni la mtumiaji. Plastiki iliyopata nyufa nyembamba kama utando baada ya kusafishwa kwa thina, petroli au dawa ya kuondoa rangi ya kucha ni ya mtumiaji vilevile, maana polikaboneti na ABS, ambazo ndizo plastiki za maganda mengi, haziwezi kuhimili vimiminika hivyo. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha.

Neno uimara nalo hutumiwa ovyo na wauzaji. Plastiki nzuri hupinda na kurudi. Ile iliyochanganywa na nyuzi za kioo huwa ngumu zaidi, lakini ikizidiwa huvunjika bila kupinda sana. Alumini hubonyea badala ya kupasuka, na magnesi huwa nyepesi na ngumu. Kila moja ina namna yake ya kushindwa, na mnunuzi hufaidika zaidi kwa kuuliza bawaba imefungwa kwenye nini kuliko kuuliza ganda limetengenezwa kwa nini. Vipo vibandiko vinavyotaja MIL-STD-810, kiwango cha majaribio cha jeshi la Marekani. Kiwango hicho ni mkusanyiko wa namna za kupima mitikisiko, joto, vumbi na mengineyo. Mtengenezaji huchagua ni vipimo vipi afanye, na jeshi halitoi cheti kwa laptopu ya dukani. Kibandiko hicho hakipanui dhamana hata kidogo: mashine iliyopita vipimo hivyo ikianguka na kupasuka, bado itahesabiwa kuwa imeangushwa. Kinachofunika ajali ni ulinzi wa ajali unaonunuliwa kando, ambao kampuni kama Dell, HP na Lenovo huuza kwa baadhi ya modeli katika baadhi ya nchi.

Hilo la nchi linatugusa sana. Laptopu nyingi zinazouzwa Kampala zimepitia Dubai au Uingereza, na dhamana ya mtengenezaji inaweza kuwa imefungwa kwenye nchi au kanda ambako mashine iliuzwa mara ya kwanza. Kabla hujalipa, chukua namba ya mashine iliyoandikwa chini ya ganda, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, na utaona tarehe ambayo dhamana ilianza na itakapokwisha. Si ajabu kukuta kwamba mashine inayoitwa mpya imeshakula nusu ya mwaka wake. Tofautisha hiyo na dhamana ya duka, ile ya miezi michache inayoandikwa kwa kalamu kwenye risiti. Ya pili inamfunga mwenye duka peke yake, na ina nguvu kulingana na kilichoandikwa, kwa hiyo omba iandikwe kama ganda na bawaba vimo au havimo.

Risiti nyingi hapa Uganda zina mstari wa chini unaosema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na watu wengi huusoma kama hukumu. Lakini Uganda ina sheria ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017, ambayo inaweka ndani ya mauzo ya mfanyabiashara, hata lisipoandikwa, sharti kwamba bidhaa iwe na ubora na ifae kwa matumizi yake. Mnunuzi aliyeikagua bidhaa hatasikilizwa juu ya kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua, na ndiyo sababu nasisitiza kufungua na kufunga kifuniko mara kadhaa palepale dukani, ukisikiliza mlio na kutazama kona zote mbili za bawaba. Mgogoro ukikwama, kuna utaratibu wa mahakama wa madai madogo, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Huanza kwa barua ya madai kwa mwenye duka, na wahusika hujieleza wenyewe bila wakili. Laptopu nyingi za wanafunzi ziko chini kabisa ya kiwango hicho.

Kabla ya yote hayo, jambo la siku ya kwanza unapouona ufa ni kuacha kufungua na kufunga kifuniko. Waya wa skrini, na mara nyingi nyaya za antena ya waifai pia, hupita karibu na bawaba, na bawaba iliyong'oka huzisaga. Leo una ufa wa plastiki. Baada ya wiki mbili una skrini yenye mistari, na mtengenezaji ana haki ya kusema kwamba uliona ukaendelea. Iache ikiwa wazi, hamisha kazi zako kwenye diski ya nje, piga picha. Usikubali gundi, hata kama fundi wa mtaani ni hodari, na wapo hodari kwelikweli wanaochanganya gundi ya haraka na magadi ya kuokea wakajenga kinguzo upya, au wanaotoboa ganda na kupitisha bolti hadi nje. Kazi hiyo ni ya mashine iliyokwisha dhamana. Kwa iliyo ndani ya muda, tone moja la gundi linafuta ushahidi wa jinsi nati ilivyong'oka na kumpa anayekukatalia sababu ya kuandika.

Unapoikabidhi, hakikisha karatasi ya mapokezi inaeleza hali ya kila kona, na jifunze majina ya maganda kama mafundi wanavyoyataja: kava A ni mgongo wa kifuniko, B ni fremu inayozunguka skrini, C ni sehemu ya kibodi na viganja, D ni tumbo la chini. Kwa mpwa wangu zilibadilishwa C na bawaba zote mbili. Tulidai iandikwe hivyo kwenye karatasi ya kutolea mashine, pamoja na tarehe, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji hudhamini kipande kilichobadilishwa kwa muda uliobaki wa dhamana ya mwanzo au kwa siku 90, wowote ulio mrefu zaidi.